Mngali Uliorudi Kisikini

Ilikuwa mwaka 2011, msimu wa njugu za mingali, ile miti mirefu ya msituni, katika kisiwa cha Isabel. Jumapili hiyo Nesta Havila alikuwa akikuna nazi jikoni, kitambaa cheusi cha ujane kichwani, aliposikia kombe likipulizwa ufukweni.

“Mama Nesta, miti inarudi! Inarudi yote!” aliita mtoto mmoja kutoka nje.

Nesta aliifunika nazi kwa jani la mgomba, akatoka mbio.

Magogo ambayo kampuni ya mbao iliyapakia melini juzi yalikuwa yakipanda kutoka baharini, wima, moja nyuma ya jingine, yakichuruzika maji ya chumvi. Mngali wa marehemu mama yake Nesta ulitangulia, kwa kuwa ndio uliokuwa mkongwe. Ulipita baina ya kanisa na zahanati, ukaangalia usikanyage viazi vya watu, ukasimama juu ya kisiki chake. Adhuhuri ulikuwa na matawi. Alasiri njugu zilikuwa zimekwisha kupevuka. Kijiji kizima kilishangilia. Kasisi alifupisha mahubiri, maana hakubakiwa na wa kumsikiliza.

Hakuna aliyefurahi kumpita Nesta. Tangu mumewe azikwe, ukoo wa marehemu ulikuwa ukimdai kikapu cha njugu, na kwa desturi njugu hizo hazikubaliwi isipokuwa zimetoka katika mti wa ukoo wa mama wa huyo mjane. Asipozitoa, havui kitambaa. Nao mngali huo ndio uliokatwa kwanza. Ardhi ilikuwa ya Nesta, aliyoirithi kwa mama yake. Lakini aliyeitwa kutia sahihi kibali cha kukata miti ni kaka yake, Ellison, kwa kuwa kampuni ilitaka mwanamume.

“Okota upesi, wifi!” alihimiza Rhoda, dada wa marehemu mumewe. “Nimechoka kukuona na hilo litambaa, kichwa kama chungu kilichoungua!”

“Basi inama nawe, mwenye mgongo wa kubebea mtumbwi!”

Kikapu kilikuwa hakijafika nusu alipowasili msimamizi wa kampuni, akifuatana na Ellison. Msimamizi aliugonga mti kwa kiganja, akatabasamu.

“Kibali kinataja miti iliyosimama. Huu umesimama.”

“Mmekwisha kuukata huu!” alisema Nesta.

“Hakikutaja mara ngapi, mama.”

“Na mimi mwenye ardhi sijataja lolote.”

“Kaka yako ametaja.”

Ellison alivitazama vidole vya miguu yake. “Dada, wameahidi paa la shule.”

“Hilo waliliahidi kwa mti wa kwanza. Watoto wataezekewa maneno?”

Msumeno uliwashwa.

Hapo mngali ukajitikisa wenyewe, kwa nguvu, na njugu zikamwagika kwa kishindo. Wanawake walikimbilia chini yake, wakisukumana, wakicheka, wakikinga pindo za magauni. Msumeno ulipofika katikati, mti uliendelea kusimama kwa adabu mpaka njugu ya mwisho ikaokotwa. Kisha ukaangukia upande usio na watu. Tingatinga likaanza kuukokota kuelekea ufukweni, na miti wenzake ikasubiri zamu.

Rhoda alipasua njugu moja kwa jiwe, akaionja.

“Ina chumvi.”

“Imetembea baharini, wifi.”

“Ni ya mti wa mama yako,” alisema Rhoda, akakifungua kile kitambaa cheusi kichwani mwa Nesta.

Nesta alizikung’uta nywele zake, akainama, akakiinua kikapu kilichojaa pomoni, akamtwika wifi yake.