Tofali la Dina

Alphonce, katibu wa Kijiji cha Ujamaa cha Furahini, alikuwa amesimama mbele ya ofisi akisugua meno kwa mswaki wa mti, shati amelichomekea upande mmoja tu, Mama Dina alipofika na ndoo tupu kumwambia kwamba moto umekataa tena.

"Shikamoo, mama. Umemwaga maji yote?"

"Marahaba. Yote."

"Katikati, au pembeni?"

"Katibu, mimi nilikuwa nazima moto wewe ukiwa bado unanyonya."

Alphonce akatema mate, akaingia ofisini, akachukua chaki na kuandika ubaoni: MOTO, BADO. Juu ya neno hilo palikuwa na mambo mengine ya kijiji ambayo nayo yalikuwa bado: mabati, zahanati, kisima, nyumba. Alikuwa na mwandiko mzuri sana, na kila mgeni aliyeusoma ubao ule aliusifu.

Kijiji chenyewe kilizaliwa mwaka wa sabini na nne, katika mwezi wa mvua, kwa lori. Watu walitolewa kwenye tembe zao zilizotawanyika huko nyuma ya vilima, wakashushwa kando ya njia iendayo Iguguno, mahali palipokuwa na mistari ya vigingi iliyonyooka kuliko kitu chochote walichopata kukiona. Vigingi vilionyesha nyumba zitakapokuwa. Jina la Furahini lilichaguliwa na ofisi kabla watu hawajafika, ili wakifika wajue la kufanya.

Jengo lililokuwapo lilikuwa moja, ghala. Lilijengwa kwa haraka kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa anakuja kulifungua. Mabati hayakufika, basi likaezekwa kwa magogo na udongo kama tembe. Sasa, kila mtu wa huko anajua kwamba paa la udongo ni zito kama ng'ombe kumi waliolala, na kwamba ukuta wa kulibeba huachwa ushibe jua kwanza. Kipimo chake hakihitaji shule. Unalibonyeza tofali kwa kidole gumba. Kidole kikizama, unangoja. Mafundi walibonyeza, vidole vikazama, wakamweleza Ndugu Laurian, msimamizi wa uhamisho kutoka wilayani. Ndugu Laurian aliwasikiliza kwa makini, kisha akasema wageni hawangoji matofali.

Watu waliposhushwa, mvua ilikuwa inanyesha. Ndugu Laurian akaamuru wenye watoto walale ghalani. Dina, mtoto wa Marietha, huyo Mama Dina wa ndoo, aliyekuwa kwenye umri wa kung'oka meno ya mbele, akalala upande wa ukutani. Akabonyeza tofali.

"Mama, kidole kinaingia."

"Nyamaza ulale," akasema mama yake.

Usiku ule paa lilishuka. Hapakuwa na kishindo kikubwa, kwa kuwa udongo uliolowa hauna sauti. Sherehe ya ufunguzi iliahirishwa.

Matanga ya wote yaliwekwa uwanjani kwa Mama Dina, aliyepoteza mtoto wa pekee. Moto uliwashwa, watu wakalala kuuzunguka, kama inavyopasa. Na kama inavyopasa, siku ya mwisho mzee wa ukoo husimama mbele ya watu akatamka marehemu alikufa kwa kitu gani, tumbo au homa au nyoka, hata kama kila mtu anajua. Yakishatamkwa, moto unanyunyiziwa maji, vichwa vinanyolewa, watu wanarudi kulima. Yasipotamkwa, matanga hayajaisha.

Mzee Mathayo Alute alisimama mara tatu. Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili alizungumzia bei ya mitamba. Mara ya tatu aliangalia benchi la mbele, ambapo Ndugu Laurian alikuwa amekaa na kofia mapajani, akaomba maji ya kunywa, akaketi.

Kwa hiyo moto ukaendelea. Kuni zilipokwisha, uliwaka bila kuni. Mvua ya Machi iliunyeshea ukainywa. Kufikia Julai, ambapo upepo wa Singida huwa unapiga hadi mbuzi wanatembea kwa ubavu, miali yake ilisimama wima kama nguzo ya bendera.

Na kila jioni marehemu walikuja kuota moto. Walikaa upande unaopelekewa moshi, kwa sababu moshi haukuwasumbua, na hilo lilionekana kuwa ni adabu nzuri. Walikuwa na udongo kwenye nywele. Hawakudai chakula. Waliuliza swali moja tu, kila jioni, kwa sauti ya kawaida.

"Jamani, sisi tulikufa kwa kitu gani?"

"Subirini," walijibiwa. "Mzee bado hajasimama."

Hakuna aliyewalalamikia isipokuwa balozi mmoja wa nyumba kumi, ambaye alitaka kujua wahesabiwe kwenye kumi ya nani, na kwa nini hawaendi shamba la ujamaa.

Tatizo lilikuwa kwa walio hai. Hawakuweza kulala ndani ya vibanda walivyojijengea. Kila aliyefumba macho alisikia udongo ukimiminika karibu na sikio lake, polepole, kama mtu anayepepeta mtama. Mwanamume mmoja alihamishia kitanda juu ya mti. Wanawake walisinzia wamesimama kwenye mistari ya mahindi, jembe mkononi. Mama Dina ndiye aliyezidiwa. Katika kifusi alikuwa ameokota nusu ya tofali lenye alama ya kidole gumba cha Dina, kidogo, kimezama vizuri, na tofali hilo halikukauka. Aliliweka juani, aliliweka jikoni. Kila asubuhi lilikuwa limelowesha mkeka.

Ndipo redio ya kijiji ikatangaza kwamba vijiji vilivyopatwa na maafa vinaweza kuomba fungu la kuwaliwaza wananchi. Ofisi ingeleta mliwazaji aliyesomea kazi hiyo, akae na watu mpaka watulie.

"Omba," Mama Dina akamwambia Alphonce. "Aje mtu wa serikali. Labda yeye ataweza kutamka. Mwanangu amechoka kuuliza." Akampa lile nusu tofali, amelifunga kwa kanga. "Nenda nalo wakalione. Lakini ulirudishe, katibu. Usipolirudisha tutaonana wabaya."

Alphonce alipanda lori la vitunguu hadi Singida Mjini, akapiga hodi kwenye mlango ulioandikwa MAAFA. Akafunguliwa na Ndugu Laurian.

"Karibu, ndugu katibu. Shida?"

"Tunaomba mliwazaji, ndugu. Ghala lilianguka."

Ndugu Laurian akatafakari. "Maafa, ndugu katibu, ni kitu kinachotoka nje ya serikali. Mafuriko yanatoka mtoni. Nzige wanatoka nchi nyingine. Sasa ghala lilitoka wapi?"

"Lilitoka hapa ofisini."

"Umeona mwenyewe. Hilo ni suala la ujenzi. Mlango wa pili."

Alphonce akatoka, akapiga hodi mlango wa pili. Akafunguliwa na Ndugu Laurian, aliyempa mkono na kumwuliza habari za safari. Suala la ujenzi, akaeleza Ndugu Laurian wa mlango wa pili, linahitaji kwanza aliyejenga akiri kwamba alijenga vibaya, na aliyejenga ni wananchi wenyewe kwa kujitolea. Je, katibu anataka kuwashtaki wananchi wake?

"Hapana, ndugu."

"Nilijua una busara."

Alphonce akafungua kanga, akaweka tofali mezani. Maji yakaanza kutambaa kuelekea kwenye mafaili.

"Mbona linavuja?"

"Halijakauka."

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba, ndugu."

Ndugu Laurian akaangalia dirishani. Nje jua lilikuwa linachoma mpaka mawe ya ziwani Kindai yalionekana yanatetemeka. Akalinyanyua tofali kwa vidole viwili, kwa uangalifu ili asiiguse ile alama, akalirudisha kwenye kanga, akapangusa meza kwa leso.

"Radi," akasema.

"Ipi?"

"Ile iliyopiga ghala. Radi inatoka juu. Ukiniambia radi, nakwenda na wewe mlango wa kwanza sasa hivi, na wiki ijayo mna mliwazaji."

Usiku ule wa ghala mvua ilikuwa imenyesha kimya, bila hata umeme kumulika. Alphonce aliliona hilo kwa macho yake, kwani alikuwa nje ameshika taa. Lakini aliwafikiria wanawake waliolala wamesimama, na yule wa juu ya mti, ambaye alikuwa binamu yake. Akasema radi. Ombi lilipitishwa kabla chai haijapoa.

Mliwazaji alikuwa dada mmoja anayeitwa Yustina, mwenye viatu vya turubai na sauti ya chini. Alikuwa hodari, jambo lililowasumbua wengi, maana walikuwa wamejiandaa kumchukia. Alikaa chini, hakutaka kiti. Hakumkatiza mtu. Mama Dina alimweleza kila kitu tangu lori hadi "nyamaza ulale", na alipofika hapo Yustina akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka ng'ombe wakarudi. Jioni marehemu walipokuja, Yustina aliwasogezea mkeka na kuwauliza majina.

"Dada, wewe ndiye utakayetuambia?" Dina akamwuliza.

Yustina akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Fungu lilikuwa la radi. Taarifa isipofungwa kwa radi, mshahara wake usingetoka, wala vijiji vingine visingepewa mliwazaji.

Siku ya kumaliza matanga Ndugu Laurian alikuja na Landrova, akakaa benchi la mbele. Jua lilikuwa limegusa vilima na marehemu wote walikuwa wamefika. Mzee Mathayo akasimama kwa mara ya nne. Alikuwa amevaa koti la harusi yake.

"Ndugu zangu," akasema, "watoto wetu hawa na mama zao walikufa..." Akafunga kifungo cha koti. "Walikufa kwa radi."

Moto ukashuka. Miali ikawa makaa, makaa yakaanza kuwa kijivu. Mtu mmoja akapiga mwayo, kisha mwingine, kisha uwanja mzima, miayo mikubwa ya watu waliokuwa hawajalala tangu mwaka jana. Mama Dina akahisi usingizi unampanda kutoka miguuni, mtamu, mzito. Ilibaki anyamaze tu.

"Babu," Dina akasema, "sisi hatukusikia radi."

Mzee Mathayo akaangalia viatu vyake.

"Mama, kulikuwa na radi?"

Desturi haimruhusu mwanamke kutamka. Mama Dina akasimama, akatoa kwenye kanga lile nusu tofali alilorudishiwa na katibu.

"Hapakuwa na radi," akasema. "Ukuta ulikuwa haujakauka, mwanangu. Uliniambia. Nikakwambia ulale."

Moto ukasimama tena, mrefu kuliko mwanzo, na usingizi ukawatoka watu kama kuku waliotupiwa jiwe. Wengine waliguna kwa hasira. Yule wa juu ya mti alilia waziwazi.

"Asante, mama," akasema Dina. Wenzake nao wakashukuru, mmoja mmoja, kwa Kinyaturu. Kisha akauliza, kwa kuwa alikuwa mtoto na watoto hawana mwisho wa maswali, "Na nani alisema tulale mle?"

Hakuna aliyenyoosha kidole. Watu waligeuka tu wakaangalia benchi la mbele.

Ndugu Laurian akatazama saa yake. "Hilo nalo," akasema, "liletwe kwa utaratibu."

Marehemu wakanyanyuka kutoka upande wa moshi, wakaenda kukaa kwenye benchi la mbele kumngoja. Ndugu Laurian, ambaye alikuwa mtu mwenye malezi, alisogea kuwapisha.

Taarifa ilisema kwamba Furahini imeliwazwa kikamilifu. Yustina alipangiwa wilaya nyingine. Aliondoka bila kumuaga mtu yeyote, ila aliacha viatu vyake vya turubai mlangoni kwa Mama Dina, vimesafishwa. Moto ulipatiwa kazi. Shule ilipikia uji pale, wazee wa kamati walichomea mahindi, na kijiji kikapewa bendera ndogo ya manjano kwa kubana matumizi ya kuni. Ndugu Laurian alipokea pongezi zake mjini. Alipokaa kwenye mkutano wowote, mkoani kote, alichagua mwisho wa benchi na kuacha nafasi kando yake, na waliomfahamu hawakuikalia nafasi hiyo.

Novemba ilipokaribia, agizo likaja kwamba mgeni mkubwa sasa ana nafasi. Ghala likaanza kujengwa upya palepale, juu ya msingi uleule. Mabati yalikuwa bado. Mvua za kwanza zilidondoka wakati magogo yanapandishwa, na wanaume wakapanga mstari kupokezana karai za udongo hadi juu ya paa.

Mama Dina alikuwa kwenye zamu ya maji. Alipanda kutoka korongoni na ndoo kichwani, akamkuta Dina amesimama ukutani, mapema kuliko kawaida yake, jua likiwa bado juu. Mtoto aliweka kidole gumba kwenye tofali, akabonyeza. Kidole kikazama mpaka kwenye kiungo.

"Bado," Dina akasema.

"Tumesikia, mwanangu," akajibu fundi kutoka juu, kwa upole, akanyoosha mikono kupokea karai nyingine.

Mama Dina akamimina maji kwenye udongo, akarudi korongoni, kwani zamu yake ilikuwa haijaisha.