Dada Akitoka Mlangoni

Video ya wimbo wa dada yangu ilipigwa nyumbani kwake mwenyewe, sebule ileile alimozoea kumsubiri mumewe hadi anasinzia kwenye kiti. Wimbo ulihusu mke anayefunga virago na kumwacha mume asiyetulia. Shemeji ndiye aliyeigiza huyo mume. Alijitolea mwenyewe. "Kwani kazi hii nani anaijua kunishinda mimi?" Wapiga picha wakacheka. Dada naye akacheka.

Dada alipotoka na sanduku mara ya kwanza, mwongozaji alikataa. "Mama, sanduku linapepea kama mfuko wa plastiki. Watu watajua halina kitu."

Nikalipeleka chumbani kulijaza. Ningeweza kutia mablanketi. Nilitia nguo za dada, viatu, vyeti na dawa zake za presha. Nilipomkabidhi, nikamnong'oneza: "Dada, kila kitu kimo. Ukifika getini usirudi. Kwangu kuna kitanda."

Akalipima kwa mkono, akaelewa.

Alitoka. Sijawahi kumwona akitembea vile, shingo wima, hatupi jicho nyuma. Akafika getini, akashika komeo. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu.

"Safi sana, mama," mwongozaji akasema. "Turudie tu, tuwe na akiba."

Akageuka. Ndivyo kazi yao ilivyo, ukiambiwa tena unarudi ulipoanzia. Akaingia, akatoka, akarudi, na kila safari alikuwa anapungua, mpaka mwisho anaburuta miguu. Jua lilipozama wakafungasha taa zao wakaondoka.

Shemeji, poda bado imemganda usoni, alijinyoosha kwenye kochi. "Mke wangu, umeniacha leo mpaka njaa imeniuma."

Nikamfuata dada jikoni. "Twende sasa. Sanduku liko mlangoni."

"Nimechoka kutoka, mdogo wangu," akasema, akawasha jiko.

Baada ya kula tulilifungua sanduku pamoja. Yeye alikunja, mimi nikapanga kabatini.

Dada aliishi kwenye nyumba hiyo mpaka moyo wake ulipozima. Msibani, binti mmoja wa jirani alinisogelea na simu, video inacheza bila sauti. Akaniambia wimbo ule ndio uliompa nguvu ya kumwacha mume wake.

"Dada yako alikuwa jasiri," akasema. "Sisi tulijifunza kwake."

Shemeji alikuwa hatua chache kutoka hapo, anapokea pole. Nikamwitikia binti kwa kichwa. Ndani walikuwa wananiita nikachague nguo ya kumzikia dada.