Jemadari Aliyekataa Kuinama

Shoguni Anuari alikuwa ametawala Japani kwa muda mrefu usiopungua mchezo mzima, jukwaani katika shule yake ya bweni mjini Nizwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimefika ukingoni. Kilichobaki ni jemadari mwasi apige magoti, pazia lifungwe. Tatizo ni kwamba mwasi huyo alikuwa Nabhan, binamu yake mdogo, na asubuhi ile Shoguni alikuwa amemtilia chumvi kwenye chai.

"Inama, mwasi!" alinguruma Anuari.

"Siinami," alisema Nabhan, akitabasamu. "Wallahi siinami."

Maneno hayo hayakuwamo kwenye mchezo. Jasho lilimteremka Anuari chini ya kofia yake ya vita, ambayo kwa kweli ilikuwa kawa la kufunikia chakula. Dola nzima ilikuwa inamponyoka mbele ya wazazi wote.

Ndipo bibi yao, aliyekuja kutoka Ibra na kukaa mstari wa mbele, alipopaza sauti: "We Nabhan! Humwamkii kaka yako?"

Magoti ya Nabhan yalitii kabla ya akili yake. Aliinama, akaushika mkono wa adui.

"Shikamoo."

"Marahaba!" alijibu Shoguni, akashusha pumzi. "Haya, fungeni pazia! Upesi!"