Ngoma za Wimbo wa Kipruto

Kabla hajarudi Kericho, Ogoti alikuwa amepiga ngoma katika nyimbo nyingi hivi kwamba nyingine alizisikia sokoni asikumbuke kama ni yeye. Miaka ya themanini yote alikaa Nairobi akiitwa na studio hii na ile. Leo benga, kesho rumba, kesho kutwa kwaya. Hakuwa na bendi yake. Mwenye wimbo alimwimbia kidogo, naye akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, kisha akapiga kama mtu aliyezaliwa kijiji kimoja na mwimbaji huyo.

Mwaka wa 1993 mama yake, aliyekuwa amechuma chai tangu ujana wake katika shamba moja nje ya mji, alishindwa na miguu. Ogoti akarudi kumtunza. Alikodi chumba nyuma ya duka la mbao, akapanga ngoma zake, akaanza kufundisha. Walikuja vijana wa kanisa, akaja karani wa kiwanda cha chai, akaja hata mchungaji mmoja aliyetaka kujua vijana wake wanafanya nini. Mlango wa pili palikuwa na studio ndogo ya Amolo. Mwimbaji akifika bila mpiga ngoma, Amolo aligonga ukuta tu, na Ogoti akaenda.

Asubuhi moja ya ukungu, Amolo aligonga ukuta. Ogoti alimkuta mwanamke amekaa kwenye benchi, kitambaa cheusi kichwani, mikono imetulia mapajani.

"Huyu ni mama Rodah kutoka Kiptere," Amolo alisema. "Mke wa marehemu Kipruto."

Ogoti alimjua Kipruto kwa sifa. Aliimba kwa Kikipsigis, lugha ya Wakalenjin wa huko, sauti laini, gitaa moja. Kabla kifua hakijamwangusha, alikuwa amerekodi kwa Amolo sauti na gitaa la wimbo wake wa mwisho. Ngoma zilikuwa bado.

"Mwalimu, nataka umalizike," Rodah alisema. "Yeye alisema bila ngoma hauna miguu."

Ogoti akavaa hedifoni. Kwanza kulikuwa na kikohozi kidogo, halafu sauti ya Kipruto ikasema, "Haya," na gitaa likaanza. Ogoti alipiga mara ya kwanza, ikawa safi. Amolo akafurahi. Lakini Rodah alikuwa akitazama dirishani, mahali ambapo majani ya chai yalikuwa yanatokea na kupotea ndani ya ukungu.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini humo mume wangu anatembea na mtu mwingine."

Ogoti akapiga tena kwa njia nyingine, na tena. Kila mara alikuwa sahihi, na kila mara Kipruto alionekana kumpita au kubaki nyuma, kama mtu unayemfuata ndotoni. Wimbo ulikuwa unapumua. Ulikaza kidogo, ukalegea, ukakaza. Ogoti, aliyewahi kuwafuata waimbaji wa kila namna, alivua hedifoni.

"Alitungia wapi huu wimbo?" aliuliza.

"Nyumbani. Jikoni."

Basi siku iliyofuata alienda Kiptere. Rodah alimkaribisha jikoni, akampa chai ya maziwa, akamwonyesha kigoda ambacho Kipruto alikalia. Walizungumza juu ya mvua na ng'ombe. Kisha Rodah alichukua kibuyu cha maziwa, akakilaza mapajani, akaanza kukisukasuka apate siagi, kama alivyofanya kila siku. Maziwa yakaenda upande huu, yakagonga, yakarudi. Moshi ulikuwa unapanda kwenye mwanga wa mlango. Ogoti alihisi usingizi mtamu umemjia akiwa macho, na ndani yake akamsikia Kipruto akiimba, bila kumpita, bila kubaki nyuma.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "usiache."

Rodah akaendelea, akishangaa.

"Alikuwa anakufuata wewe."

Mikono ya Rodah ikasimama. Alitazama kibuyu, akajifuta macho kwa kitambaa.

"Basi umesikia. Sasa utapiga vile."

Ogoti angeweza. Kuiga ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini alipofikiria kukaa tena kati ya hao wawili, hakutaka.

"Nitakufundisha," alisema. "Utapiga wewe."

Rodah alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Shemeji yake, Kipngetich, hakucheka alipopata habari. "Mjane apige ngoma mjini? Watu watasema nini?" Rodah alimjibu kwamba watu walisema pia alipoolewa na mpiga gitaa, na ng'ombe hawakuacha kutoa maziwa.

Akawa anakuja kila Alhamisi. Mguu wa kulia, wa kukanyaga pedali ya ngoma kubwa, ulikuwa mkaidi. Vijiti vilimponyoka vikaruka hadi mlangoni. Wakati mwingine alikasirika, akasema anaenda nyumbani, na Ogoti akamwambia afumbe macho, asifikirie ngoma, afikirie maziwa. Hapo mwili wake wote ulianza kuyumba taratibu, na chumba kile chenye harufu ya mbao kikawa kama kinaelea.

Siku ya kurekodi, mvua ya mawe ilishuka mchana na kupiga mabati hata hawakusikiana. Wakakaa wakingoja. Ilipokatika, kila kitu nje kilikuwa cheupe na kimya, vichaka vya chai vimefunikwa barafu inayoyeyuka. Amolo akawasha mashine. Ogoti alikaa kwenye benchi, mikono mitupu, jambo ambalo hakulizoea.

Rodah alivaa hedifoni. Uso wake ukabadilika. Alikuwa amesikia kikohozi. Kisha bila shaka Kipruto alisema neno lake, kwa sababu Rodah alijibu, "Haya," akaanza kupiga.

Hakupiga kwa ufundi. Pigo moja lilichelewa, jingine lilikuwa dogo mno. Lakini Ogoti aliona Amolo ameacha kugusa vitufe, mdomo wazi. Wimbo ulikuwa unatembea. Ulipofika mwisho, Rodah aliendelea kidogo peke yake, polepole, kama mtu anayemsindikiza mgeni hadi barabarani, halafu akaweka vijiti mapajani.

Redio iliucheza katika kipindi cha Kikalenjin kabla ya Krismasi. Wachumaji chai waliuimba mashambani, na hata katika mji wa Mulot, siku ya mnada wa ng'ombe, Kipngetich aliwaambia watu kwa majivuno kwamba aliyepiga ngoma ni shemeji yake.

Ogoti alidhani kazi yao imekwisha. Alhamisi iliyofuata alikuwa anafagia chumba, ukungu ukiingia taratibu mlangoni, aliposikia mtu akivua viatu vya matope nje. Rodah aliingia bila kitambaa cheusi, akaketi nyuma ya ngoma, akaujaribu mguu wa kulia kwenye pedali.

"Mwalimu," alisema, "leo nifundishe rumba."