Hakimu Hayupo Msumarini

Karakana nzima ilimwita Niachie, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo naye yuko karibu. Mbele yake aliitwa Fundi Mkuu. Jina lenyewe lilitokana na kinywa chake. Bawaba ikikataa kukaa, alisema, "Niachie mimi." Mteja akija juu, "Niachie mimi." Gundi ikigoma kushika, taa zikizimika, seremala akikosana na mkewe, jibu lilikuwa hilo hilo, na ni kweli kwamba ukimwachia, jambo lilikwisha. Watu wakazoea kuacha. Ikafika mahali mtu akitaka kufungua kopo jipya la vanishi anasimama nalo mkononi kama mwombaji, akingoja Fundi Mkuu amalize aliyo nayo.

Kwa hiyo miaka nenda, miaka rudi, hakuchukua likizo. Angeichukua vipi?

Kisha tajiri, mwanamke wa makamo aliyeirithi karakana kutoka kwa baba yake, akamwita ofisini.

"Nafungua tawi upande wa pili wa mji," alimwambia. "Ningependa ukaliongoze wewe. Lakini nikikung'oa hapa, hapa panaanguka. Umejenga nyumba, halafu ukajifanya nguzo pekee."

"Hapataanguka, tajiri. Niachie mimi."

"Basi hilo ndilo neno lenyewe!" Tajiri alicheka, lakini uso haukucheka. "Nisikilize. Kaa nyumbani wiki moja. Usipige simu, usitume mtu, usikanyage hapa. Wao wakiweza bila wewe, na wewe ukaweza bila wao, tawi ni lako. Ukishindwa, utazeekea hapa hapa ukifungua makopo ya watu."

Niachie alilitaka tawi lile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alitaka mahali ambapo yeye ndiye angepiga msumari wa kwanza, na ofisi yenye dirisha. Akamkabidhi funguo Mama Msasa, mkuu wa kupiga msasa na vanishi, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alimkabidhi na onyo moja: "Stoo ya mbao isikae wazi hata kidogo. Ukitoka, funga. Ukiiona wazi, funga kwanza, uliza baadaye."

"Nimekusikia, Fundi," alisema Mama Msasa.

Mwanzo wa likizo alirekebisha milango yote ya nyumbani kwake, pamoja na ile isiyokuwa na kosa. Kesho yake mkewe alimwambia, "Baba watoto, kabati hilo ukiligusa tena nitaita fundi." Siku iliyofuata akaaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu. Aliinyoosha kweli, nayo ikamfikisha kwenye kichochoro cha nyuma ya karakana, saa ambayo mafundi wamekwenda kula.

Mlango wa nyuma wa stoo ulikuwa wazi. Mbao zilikuwa zimeshushwa asubuhi ile, na wapakuzi walikuwa kivulini na mlinzi wakinywa maji. Niachie akajiambia atachungulia tu. Waliosema asiyekuwepo na lake halipo hawakuwa wajinga. Akaingia, akapita katikati ya mbao, akatokea kwenye chumba cha kazi.

Palikuwa pamefagiliwa. Milango ya zahanati, ile kazi kubwa ya mwezi, ilikuwa imeegemezwa ukutani, mingine imekwisha, mingine bado. Hakuona kosa, na hilo halikumfurahisha kama alivyotarajia. Ndipo jicho lake likaenda kwenye msumari ulio juu ya meza ya msumeno, mahali anapotundikwa hakimu.

Hakimu ni kijiti cha mbao ngumu, urefu wa mkono, chenye alama za msumeno zinazoonyesha bawaba zikae wapi na kitasa kikae wapi. Kila kazi ina kijiti chake. Mafundi walikiita hakimu kwa sababu wawili wakibishana, kikishalazwa juu ya mbao kesi imekwisha, wala hakina mjomba wala shemeji. Niachie alikitazama, akaona kama alama ya kitasa imeshuka. Akakitoa msumarini, akarudi nacho stoo, ulikokuwa mlango wa mfano, ili akipime. Akapima. Alama ilikuwa pale pale inapotakiwa kuwa.

Alipogeuka akirudishe, akasikia kicheko cha Domo, seremala asiyeweza kukaa na mdomo uliofungwa. Mafundi wamerudi. Niachie akarudi nyuma haraka kuelekea kichochoroni. Kabla hajafika, mlango wa nyuma ukafungwa kwa nje na komeo likapigwa. Mlinzi alikuwa amemaliza maji yake. Niachie akageukia mlango wa mbele wa stoo, akaona kivuli cha Mama Msasa chini yake, na ufunguo ukazunguka kwenye kitasa.

Ameiona wazi. Amefunga kwanza.

Stoo ile haikuwa na dirisha. Ilikuwa na joto la bati, harufu ya utomvu, na ufa mmoja kati ya mbao za ukuta, mwembamba kama unyasi. Niachie akauwekea jicho. Aliiona meza ya msumeno na nusu ya watu wake. Angeweza kubisha hodi, akafunguliwa mara moja. Lakini hodi hiyo ingefika ofisini kwa tajiri kabla yeye hajajikung'uta vumbi, na tawi lingekwenda na maji. Akakaa juu ya rundo la mbao, hakimu amempakata magotini kama mtoto mgonjwa.

"Jamani, hakimu hayupo msumarini," ilisema sauti ya Taratibu, mkata mbao. Alipewa jina hilo kwa sababu alikata polepole, na alikata polepole kwa sababu aliogopa. Mwezi uliopita aliharibu ubao mmoja, na Niachie akamwambia mbele ya wote: kosa moja tena, chukua kofia yako uende.

"Ameenda kusikiliza rufaa," alisema Domo.

"Domo, sina utani. Nilimtundika mimi mwenyewe kabla ya kula."

"Basi umemla pamoja na chakula. Mwangalie tumboni."

Wakatafuta. Niachie alisikia viatu, mifagio, meza ikivutwa. Mtu mmoja akaja hadi mlangoni pa stoo, akashika kitasa, akaachia. Jasho lilimtiririka Niachie mgongoni, lakini hakuthubutu kuvua koti. Kila aliposogea, mbao zililia.

Akainama kuupima uwazi ulio chini ya mlango. Hakimu angepita. Angemsukuma polepole kwa kidole, nao wangemwokota na yaishe. Lakini hakimu akitokea stoo iliyofungwa, ni nani mwenye ufunguo? Mama Msasa. Akakaa tena. Kila tundu aliloliona la kutokea lilikuwa linapita juu ya mgongo wa mtu.

"Fundi Mkuu angekuwepo…" alianza kusema mmoja.

"Hayupo," alisema Mama Msasa. Niachie akaubana ufa kwa jicho. "Simameni kwanza. Taratibu, ingekuwa ni kazi yako peke yako, ungefanya nini?"

Niachie alilijua jibu, likamjaa mdomoni kama maji ya moto. Akauma mkono wa koti lake. Miaka yote ile hakuwahi kumuuliza Taratibu swali, labda tu kama amelala au amekunywa.

"Ningechukua mlango mmoja uliokwisha," alisema Taratibu kwa sauti ya kujikwaa. "Uliokwishakaguliwa. Nikalaza kijiti kipya juu yake, nikachora. Mlango wenyewe si umekatwa kwa hakimu? Basi unamkumbuka."

"Kachonge," alisema Mama Msasa. "Domo, mshikie upande wa pili. Ukimaliza kucheka."

Msumeno ukaanza kulia. Haikuwa njia ya Niachie. Yeye angechora upya kutoka kwenye mlango wa mfano, na ingekuwa safi zaidi. Lakini ilifika. Akasikiliza kazi yake ikienda bila yeye, huku yeye amefungiwa chumba cha pili. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Angevumilia hata usiku kucha. Alikwisha kuamua hivyo. Wangeondoka, angesubiri, kesho wapakuzi wangekuja na mlango wa nyuma ungefunguliwa. Lakini msumeno ukazimwa ghafla, na sauti ya tajiri ikasikika.

"Mbona msumari mtupu, na mmeshika kijiti kibichi? Hakimu yuko wapi?"

"Amepotea, tajiri," alisema Mama Msasa. "Tumechonga mwingine. Milango inakwenda vizuri, njoo uone."

"Nitaona. Nani alimshika mwisho?"

Macho yote yakaenda kwa Taratibu.

"Si wewe uliyeambiwa kosa moja tena?"

"Tajiri," alisema Mama Msasa, "wiki hii msumari ule ni wangu. Kikipotea kitu, nimepoteza mimi."

"Sikukuuliza hilo, mama. Fundi Mkuu alitoa neno mbele ya watu wote. Sasa hayupo, tulivunje neno lake? Akirudi atasema nini?"

Kupitia ufa, Niachie alimwona Taratibu akifungua kamba ya aproni. Hakubisha. Aliikunja vizuri, kona juu ya kona, akaiweka mezani. Kisha akaenda kwenye ndoano, akachukua kofia yake. Ndivyo alivyofundishwa: akiambiwa na Fundi Mkuu, hata kama Fundi Mkuu hayupo, anatii.

Niachie akalifikiria tawi, ofisi, na dirisha. Halafu akapiga mlango kwa ngumi.

Mafundi wote wakageukia stoo.

"Mbao zinabisha hodi siku hizi?" aliuliza Domo.

Mama Msasa akafungua. Niachie akatoka amelowa jasho, maranda yamemganda nywele, hakimu kamnyanyua juu.

"Ninaye mimi," alisema. "Nilimtoa mimi msumarini. Taratibu hana kosa. Na lile neno langu la mwezi uliopita, nalo halikuwa neno la kusema mbele ya watu."

Tajiri alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Halafu akamgeukia Mama Msasa.

"Msimamizi ni wewe. Mtu kaingia kinyemela, kabeba kifaa, kasimamisha kazi. Unamfanya nini?"

Mafundi wakasogea. Hapakuwa na hata mmoja ambaye Niachie hakuwahi kumfokea kwenye sakafu ile, na wote walitaka kuona.

"Kwanza anywe maji," alisema Mama Msasa. Akamletea yeye mwenyewe, akangoja amalize. "Fundi, mengine tutayazungumza mimi na wewe, ukirudi Jumatatu, mlango umefungwa. Taratibu, tundika kofia. Domo, umegeuka sanamu? Gundi inakauka."

Wakarudi kazini. Niachie angependa wamzomee. Alisimama na kikombe kitupu, hakuna anayemwangalia, na hiyo ilikuwa adhabu ambayo hakuwa na ujuzi nayo.

Tajiri alimsindikiza mpaka uani.

"Wao wamefaulu," alisema. "Hodi yako nimeiheshimu, usidhani sikuiona. Lakini mtu wa kuongoza tawi ni lazima aweze kuondoka mahali. Kule atakwenda Mama Msasa."

"Tajiri, niachie…"

"Nikuachie nini?"

Tajiri akamgusa bega, akarudi ofisini.

Alikuwa amekaribia geti alipoitwa. Taratibu alikuwa anakuja nyuma yake, kwa mwendo wake ule ule, aproni imefungwa upya kiunoni.

"Fundi. Hakimu."

Niachie akatazama chini. Kijiti kilikuwa bado kwapani. Taratibu alinyoosha mkono, akangoja bila kusema zaidi, na Niachie akampa. Ilikuwa lazima akiachie kwa vidole vyote.

Ndani msumeno ukaanza tena. Akasikia meno ya msumeno yanalalamika kidogo. Ubao ule unasukumwa kwa haraka, mtu anapaswa kulegeza mkono. Miguu ikasimama. Akageuka nusu.

"Unatoka au unaingia, Fundi?" aliuliza mlinzi, mkono kwenye komeo. "Amua, nifunge."

Msumeno ukalalamika tena, halafu sauti ikatulia, ikawa nyororo. Mtu ndani amelegeza mkono.

"Natoka," alisema Niachie.

Akatoka. Geti likafungwa nyuma yake, na komeo likaanguka mahali pake. Barabara yote ilikuwa wazi mbele yake, kushoto na kulia. Naye akabaki amesimama pale pale, ameshika nondo za geti kwa mikono miwili, akitazama ndani, kama mtu anayengoja kufunguliwa.