Mkono wa Tano kwa Beriliyumu

Katika shule yetu ya Mangobo, maabara ni sisi wenyewe. Chupa hakuna, na hata zingekuwepo, beriliyumu ni sumu. Kwa hiyo mwalimu wetu, Madame Félicité, alitusimamisha mbele ya ubao, tukawa kemia. Zéphirin, mfupi kuliko wote darasani, akawa beriliyumu. Wanne tukawa maji, kila mmoja mkono mmoja begani mwake. Mkono huo ndio oksijeni. Wanne tu, maana beriliyumu ni ndogo mno, haina nafasi ya mkono wa tano. Kisha angekuja Orpha, sitrati ya ndimu, mwenye kushika kwa mikono miwili. Hapo maji mawili, mimi na Yannick, tungeachia na kwenda zetu.

Hata mbuzi wa jirani angeweza. Lakini mbuzi hana haja ya kuchekesha watu. Yannick anayo.

Siku hiyo inspekta wa shule alikaa nyuma. Madame alikuwa bado katika muda wa majaribio ya kazi, na maneno ya inspekta huyo ndiyo yangeamua kama anabaki nasi au anaondoka. Tulijua wote. Asubuhi alikuwa ametuambia, “Batoto, leo musiniangushe.”

Orpha akaja, akashika. Mimi nikaachia. Yannick akang'ang'ania shingo ya Zéphirin kama kupe.

“Yannick, toka!” Orpha akanong'ona.

“Nitoke niende wapi? Miye niko maji ya mto Tshopo, siogopake ndimu!”

Darasa likapasuka kwa kicheko, na mimi nikiwa wa kwanza. Zéphirin akapiga magoti kwa uzito.

Inspekta akavua miwani. “Madame, naona mikono tano. Beriliyumu inabebaka tano?”

“Hapana, papa inspecteur. Ine.”

“Alors, hii ni nini?”

Kicheko kikafa, kila mtu akapata kitu cha kutazama sakafuni. Yannick akaachia.

“Papa, kosa iko yangu. Maji inapashwa kutoka. Nilikatala juu ya kuchekesha watu.”

“Bon. Utuelezee donc: juu ya nini, sababu gani, inapashwa kutoka?”

Lahaula! Juma zima Madame alipokuwa akieleza, Yannick alikuwa nyuma yake akiiga anavyoshika chaki. Sasa domo lile, lisilokosa jibu hata mbele ya mama wauza samaki, likaanza kubahatisha.

“Juu ya… sitrati iko na nguvu?”

“Nguvu gani?”

Inspekta akaandika. Kalamu ilikwenda muda mrefu, na tulijua haiandiki habari za Yannick.

“Nitarudi juma ijayo, Madame. Nione kama banafahamu ao banacheza tu.”

Alipotoka, Yannick alichukua mkoba wake, akasimama mlangoni akingoja kufukuzwa. Nadhani aliomba afukuzwe. Madame alikuwa ametugeuzia mgongo, akifuta ubao ambao ulikwisha kuwa safi.

“Yannick, rudi. Wengine pia mubaki kidogo. Sasa beriliyumu iko wewe.”

Akasimama katikati, mikono imemning'inia. Madame mwenyewe akawa maji ya kwanza: akamwekea begani ule mkono wenye vumbi la chaki.

“Uhesabu, mwanangu.”

“Moja,” Yannick akasema, akitazama viatu vyake. Mbili ikatoka pamoja na machozi.