Sekunde Kumi na Moja za Upande wa Pili

Shangazi hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa studio kwa bega, tepu ya kupimia ingali shingoni na kitakia cha pini kingali kimefungwa mkononi, maana alipotoka kwenye karakana yake ya sare za shule hakukumbuka kuvua chochote. Alikuwa amekasirika. Si ile hasira ya kununa. Ni ile ya kumfanya mtu atembee njia nzima akisema peke yake mpaka wapita njia wampishe.

"Umemfanya nini baba yako?" aliuliza.

Fundi sauti aligeuka kwenye kiti chake. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minane, ana watoto wawili na kipara kinachoanza, lakini mbele ya dada wa baba yake alirudi kuwa wa darasa la pili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, na usinipoze kwa shikamoo. Nimekuuliza."

Asubuhi ile alikuwa amemtumia albamu nzima kwenye simu, na ujumbe: kazi imeisha, sikiliza kwanza, saa kumi naipeleka kiwandani. Shangazi aliisikiliza huku anakata kola. Upande wa kwanza ulimpendeza, hakuwa mchoyo wa kusema hivyo. Mikwaruzo yote ilikuwa imeondoka, vyombo vya shaba vinang'aa. Upande wa pili, dakika ya saba, mkasi ulisimama mkononi mwake. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akarudisha tena. Kisha akawaacha mafundi wake watatu wakitazamana, akatoka.

Albamu yenyewe haikuwa ya kupendwa na kila mtu. Bendi ilikuwa ya watu kumi na wanane, na jazi yao haikuwa ya kucheza wala ya kulalia. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani rafu ya sufuria imeporomoka. Redio ziliikataa. Zilitolewa nakala mia tatu, nyingi zikarudi kutoka madukani, na Shangazi aliwahi kuiona moja kwa jirani ikiwa kifuniko cha mtungi. Lakini ukivumilia mpaka upande wa pili, kwenye kipande kiitwacho "Kumi na Wanane Ngazini", unasikia watu kumi na wanane, kila mmoja na njia yake, wakishuka mahali pamoja bila kugongana. Nakala yake yeye ya santuri aliitunza miaka thelathini na saba ndani ya shuka, na kila Jumapili mchana aliiweka kwenye mashine, akakaa, asiongee na mtu. Nakala hiyo ndiyo aliyomwazima huyu bwana aisafishe, itolewe upya.

"Ngoja nikuelezee," fundi sauti alisema. "Pale dakika ya saba wote wanasimama. Kumi na saba wanasimama, sawa? Baba anaendelea. Peke yake, Shangazi, sekunde kumi na moja! Hajui pa kusimama. Watu wanaoitafuta albamu hii ni wataalamu, wamo dunia nzima. Unataka waandike kwamba mpiga tromboni wa tatu alipotea? Nimekata, nimeunga, hata wewe usingejua kama huijui. Nimemsitiri baba yangu."

"Umemsitiri!" Shangazi alipiga meza kwa kiganja, kikombe cha chai kikaruka. "Mtu husitiriwa kwa kufutwa? Una kanda ya sauti yake? Una hata ujumbe wa simu? Alikufa ukiwa na miaka minne. Kwenye sahani nzima ile amefunikwa na shaba za wenzake, pale tu ndipo anasikika yeye kama yeye, nawe umechukua panga!"

"Lakini ni kosa."

"Najua ni kosa!"

"Basi unanigombeza nini? Wewe ulikuwa tromboni ya pili, kiti cha pembeni yake. Kama si kosa, niambie lilikuwa nini, nirudishe sasa hivi. Ila sitampeleka baba kiwandani achekwe."

Shangazi aliinua macho. Saa ya ukutani, iliyotundikwa juu ya trei za mayai za kuzuia mwangwi, ilisema saa tisa na nusu. Alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu kijana huyu hajajua kutambaa, na alilizunguka kila alipomsimulia habari za baba yake. Sasa akinyamaza, zile sekunde zimekwenda. Akisema, mtoto aliyemlea atamwona kwa jicho jingine. Hilo nalo lilimkasirisha, kwamba mtu mzima na mvi zake amebanwa kwenye kona na mtoto aliyemfunga nepi.

"Keti," alisema, ingawa aliyekuwa amesimama ni yeye.

Kiongozi wa bendi, alianza, walimwita Kidole. Hakuwa akihesabu, hakupiga mguu wala kofi. Aliinua kidole kimoja. Kikikunjwa, wote kimya. Huwezi kukisikia kidole. Ni lazima ukione.

"Na baba yako macho yalikuwa yanakwisha. Mwaka ule alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Alinikataza nisimwambie mtu, Kidole angemtoa. Kwa hiyo tulikuwa na njia yetu. Kidole kikikunjwa, mimi namkanyaga mguu. Mwaka mzima. Viatu vyake vya kushoto vilikuwa vinachakaa juu badala ya chini."

Fundi sauti hakucheka.

"Asubuhi ya kurekodi tuligombana. Nilimwambia aende hospitali, mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniambia nina wivu, nataka atolewe bendini. Mimi! Nikamwambia, haya, leo utajionea mwenyewe. Nilimwambia hivyo mtu asiyeona. Na kidole kilipokunjwa, nikauacha mguu wangu pale pale."

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Ukamwacha baba yangu aaibike mbele ya watu kumi na saba."

"Ndiyo. Nilitaka aaibike. Akasikia kimya, akajua. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha badala ya kukata, akaendelea kushuka, polepole, kama mtu anayetafuta ukuta kwa mkono. Kidole akabaki ameduwaa. Sekunde kumi na moja, akainua tena kidole, akatuingiza chini yake mmoja mmoja tumbebe. Kidole alipoisikiliza baadaye alikataa kuirekodi upya. Alisema hiyo ndiyo albamu, yaliyobaki ni karatasi ya kufungia."

"Na baba alisema nini?"

"Njiani kurudi nyumbani alisema, 'Dada, leo viatu vyangu vimepumzika.' Hakulitaja tena mpaka anakufa."

Fundi sauti aliinuka. Uso ulikuwa umemvimba. "Miaka yote hii! Unanilisha, unanisomesha, unaniambia baba yako alikuwa hivi, alikuwa vile. Hili hukuliona la kuniambia?"

"Niliogopa utanitazama hivyo unavyonitazama."

"Ulikuwa sahihi kuogopa."

Lilimchoma, na alistahili, na hasira yake haikupungua hata kidogo. Hasira hasara, husema watu. Hasara yake yeye aliisikiliza kila Jumapili.

"Nikasirikie," alisema. "Kosa ni langu, si lake. Umetaka kufuta kosa langu, ukamfuta yeye."

Mtoto wa mdogo wake aliitoa santuri ya zamani kwenye shuka, akaiweka kwenye mashine, akashika mkono wa sindano kwa pupa.

"Polepole na sindano!"

"Naijua kazi yangu."

Ilikwaruza, ikaanza. Alivuta kiti, akakaa ubavuni mwa Shangazi, bega kwa bega, akavua kiatu cha kushoto na kuunyoosha mguu mbele yake. Alikuwa bado amekunja uso.

"Nionyeshe," alisema. "Pale ambapo ungemkanyaga."

Walisikiliza. Kumi na wanane wakaanza kushuka, matarumbeta yakizozana, ngoma ikijikwaa na kuinuka. Dakika ya tano. Ya sita. Shangazi hakuhitaji saa. Alikiona kidole kile kikipanda juu ya vichwa vyao, kikatulia, kikakunjwa.

Akakanyaga. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, hata kijana akauma meno, lakini hakuuondoa mguu wake. Bendi nzima ikanyamaza.

Tromboni ikaendelea.